Mto Hauna Mdomo

Nilipokuwa darasa la sita, katika shule iliyo mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka ufuo wa Karungu, tulipewa sentensi kumi za Kiingereza tuzigeuze ziwe Kiswahili. Ya nne ilikuwa ya wavuvi waliotega nyavu zao penye mouth ya mto. Niliandika "mdomo wa mto" nikapita. Kesho yake daftari lilirudi na mstari mwekundu chini ya neno mdomo, na pembeni maneno matatu: "Mto hauna mdomo!" Mwalimu alilisoma kosa langu mbele ya darasa, akauliza kama mto huo una meno pia. Wenzangu walicheka hadi kengele ikalia. Mimi nilinyamaza, lakini ushahidi nilikuwa nao. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimesimama na mjomba kule Nyatike, pale mto Kuja unapomwaga matope yake ziwani, naye akaninyooshea kidole akasema kwa Dholuo: dho aora. Mdomo wa mto. Niliuona kwa macho yangu.

Jibu lililotakiwa lilikuwa mlango wa mto. Limenikaa kichwani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kadiri ninavyoligeuzageuza ndivyo ninavyoona kwamba lina akili nyingi kuliko mwalimu alivyotuambia. Kosa langu nalo lilikuwa na akili yake.

Tuanze na upande wa mwalimu, kwa kuwa ndio wenye kamusi. Nomino mouth haichagui. Mtu anayo, chupa inayo, pango linalo, bunduki inayo, mto unayo. Kiswahili kinachagua. Kinasema mdomo wa chupa, mdomo wa mtungi, mdomo wa gunia, mdomo wa bunduki, kisha ghafla kinabadilisha neno: mlango wa pango, mlango wa mto. Ukiyapanga makundi haya mawili kando kando utaona mpangilio wake. Chenye mdomo ni chombo. Kinabeba kitu, kinakimimina au kinakitema, na wewe unabaki nje. Chenye mlango ni njia, unapita mwenyewe mwili mzima. Pango unaliingia. Mto unauingia, ikiwa una mtumbwi na unatoka upande wa maji makubwa.

Hapo ndipo neno linapomfichua mtunzi wake. Mlango wa mto ni usemi wa baharia. Anayeuita mlango yuko majini, anatafuta pa kuingilia, anataka kujua kama kina kinatosha na kama kuna fungu la mchanga. Mkulima aliyesimama ukingoni akitazama maji yakitoka hana sababu ya kuuita mlango, kwani hakuna anayemgongea hodi. Kiswahili kilikulia pwani, na hata kinapopanda milimani hubeba macho yale yale ya chomboni. Maji membamba kati ya nchi mbili kinayaita mlango-bahari. Hata mwili wa binadamu kimeutazama kama bandari: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa ni milango mitano ya fahamu, na dunia inaingia kupitia humo kama shehena.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye mabango ya afya. Tangu Kenya ianze mwaka 2019 kuwachanja wasichana wa miaka kumi dhidi ya kirusi kinacholeta saratani ile ya akina mama, maneno mawili yamekuwa yakishindana ukutani. Bango moja linasema saratani ya shingo ya kizazi. Jingine linasema saratani ya mlango wa kizazi. La kwanza ni tafsiri ya Kilatini, kwa sababu madaktari wa Ulaya walitazama umbo la kiungo wakaona shingo, na cervix maana yake ni hiyo tu. La pili limetazama kazi. Shingo haipitishi mtu. Mlango unapitisha, na wengi wetu tuliotazama bango lile tulipitia huko. Sijui mhariri gani ataamua mshindi, ila mimi kura yangu nimeshapiga, na naona ajabu kwamba Kiswahili, chenye neno zuri kama hilo, bado kinaenda kuazima shingo ya watu.

Sasa tuyavue maneno haya nguo tuone mifupa. Mlango na mdomo yako katika ngeli moja: mlango, milango, mdomo, midomo. Ukitoa kile kiambishi cha mbele unapata ukubwa, lango na domo. Ukitia ki- unaelekea kwenye udogo. Kwa umbo ni mapacha. Lakini tazama tabia zao zinapokua. Lango ni neno la heshima. Shule ina lango kuu, ikulu ina lango kuu, na mtangazaji wa redio akisema mpira unaelekea langoni sauti yake hupanda yenyewe. (Wazee wa Awendo wanaokumbuka timu ya Sony Sugar ilipotwaa ligi ya Kenya mwaka 2006 watakwambia lango lao lilikuwa na kufuli.) Domo je? Domo ni tusi. Mwenye domo ni mropokaji, domokaya hafichi siri, na kupiga domo ni kupoteza mchana mzima kwa porojo. Kiambishi kimoja, tendo moja la kisarufi, na matokeo mawili yanayopingana: mlango ukikuzwa unapandishwa cheo, mdomo ukikuzwa unashtakiwa.

Hata udogo hauuokoi mdomo. Kilango ni kipito chembamba cha majini, neno safi lisilo na lawama. Lakini kidomodomo, kinachorudiwa mara mbili kama midomo inavyogongana, ni uchongezi na kimbelembele. Wala huhitaji kukuza au kupunguza. Sokoni Homa Bay sema tu "yule ana mdomo" na kila mtu ameelewa kwamba hapo hakuna sifa. Kila binadamu ana mdomo, kwa hiyo sentensi hiyo ikichukuliwa neno kwa neno haisemi lolote. Uzito wake wote unatokana na utupu huo. Ukisema fulani ana mlango, watu wanangoja umalizie: mlango wa nini?

Kuna neno la tatu ambalo mwalimu wangu hakulitaja, nalo ni kinywa. Mdomo kwa asili ya matumizi ni ile ngozi ya nje, ndiyo maana tunasema midomo imepauka au midomo inatetemeka, kwa wingi, ingawa mwenyewe ni mtu mmoja. Kinywa ni ule uwazi wa ndani. Mtu ana kinywa kimoja na midomo miwili, wa juu na wa chini. Kwa hesabu hiyo, mto wangu wa darasa la sita ulikuwa na haki kamili ya kuwa na midomo, kushoto ukingo na kulia ukingo. Kinywa leo kimejiondoa mtaani, kikahamia kanisani, hospitalini na katika methali. Kinywa ni jumba la maneno, walisema wahenga, na hapo wakafanya jambo ambalo kosa langu lilifanya kinyumenyume: mimi niliupa mto mdomo, wao wakakifanya kinywa kuwa nyumba. Jumba lolote linahitaji mlango. Kwa hiyo kinywa kina mlango, nao ni mdomo. Naona mwalimu angekosa wino.

Njoo sasa Isebania, kwenye mpaka wa Migori na Tanzania. Ng'ambo ni Sirare. Asubuhi vibanda vya pande zote mbili vinauza chai ya maziwa na chapati, na kwa kweli watu wa pande zote mbili wanasema tu "chai". Lakini fungua gazeti la Kenya au kitabu cha shule, utakuta mlo huo unaitwa kiamsha kinywa. La Tanzania litaandika kifungua kinywa. Nomino hizi mbili zimejengwa kwa kiunzi kile kile: ki-, kitenzi, kisha kitendwa. Tofauti ni kitenzi tu, na kitenzi kinabadilisha picha nzima. Kinywa cha Mkenya kimelala, chai inakigutusha kama mama anayemwamsha mtoto wa shule. Kinywa cha Mtanzania kimefungwa, na chai ni ufunguo. Kiunzi hicho hicho kimezaa kifungua mimba, yaani mtoto wa kwanza, na kifungua mlango, ile zawadi ambayo bwana harusi wa pwani hutoa ili apishwe kuingia chumbani kwa bibi harusi. Vikae pamoja hivi vitatu, kinywa, mimba na mlango, na kitenzi kufungua kinavishona kama uzi mmoja. Kiamsha kinywa kimesimama peke yake nje ya ukoo huo. Uzalendo wangu unaumia kukiri, ila Watanzania hapa wametupita.

Nimezunguka kwa makusudi kabla ya kufika nyumbani. Mjomba hakusema mlango wala mdomo. Alisema dho, na dho ndiyo iliyoandika kosa lile daftarini mwangu.

Katika Dholuo mdomo ni dhok. (Ng'ombe wengi pia ni dhok. Irabu zinatofautiana masikioni, lakini lugha yenye irabu tisa imeandikwa kwa herufi tano, kwa hiyo karatasini huwezi kujua unasoma mdomo au ng'ombe mpaka sentensi iishe. Kwenye kikao cha mahari vyote viwili huhitajika.) Dhok ikiungana na kitu chenye mdomo huo, inakatwa mkia inabaki dho: dho agulu ni mdomo wa chungu, dho aora ni mdomo wa mto, dho wath ni pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kushushwa. Jina la lugha lenyewe limetengenezwa hivyo. Dholuo ni mdomo wa Waluo. Kiswahili kinajitaja kwa ki-, namna ya Waswahili ya kufanya jambo, na Mwingereza akitaja lugha yake ya kwanza husema ulimi wa mama. Mluo ametaja mdomo mzima.

Kule kukatwa mkia si uvivu wa ulimi. Wanaisimu wanaoandika juu ya Dholuo wana mfano wao maarufu, nao ni wa mbwa na mfupa. Ukisema chogo guok, ni mfupa wa mbwa kwa maana ya ule anaoutafuna. Ukisema chok guok, nomino imefupishwa, na sasa ni mfupa ulio ndani ya mwili wa mbwa mwenyewe. Herufi chache zinatenganisha mlo na kiungo. Kiswahili kina "mfupa wa mbwa" tu, na hiyo -a ya kuunganisha inabeba yote mawili bila kujali: wa mbwa kwa kumiliki, wa mbwa kwa kuumbwa nao. Tegua kitendawili hicho utakavyo, sarufi haikusaidii.

Sasa soma dho aora kwa sikio hilo. Umbo fupi linasema kwamba mdomo huu ni kiungo cha mto, uko mwilini mwake kama mfupa ulivyo ndani ya mbwa. Mlango wa mto hauko wazi hivyo: huenda unasema tu kwamba mto una mlango, kama mimi nilivyo na baiskeli. Watoto wa kwetu wakizungumza Kiswahili cha uwanjani husema "mdomo ya mto", "mlango ya nyumba", ngeli zimelala na "ya" imesimama palepale haibadiliki. Walimu hulia. Mimi pia nasahihisha, kazi ni kazi, lakini nikisikia ile "ya" iliyogoma kupatana na chochote, huwa nahisi dho iko chini yake inasukuma, inataka maneno mawili yagandamane yawe kitu kimoja.

Na yakigandamana, hutokea jambo ambalo Kiswahili sanifu kimelisahau. Dho ikikutana na ot, nyumba, unapata dhoot. Maana ya kwanza ni mlango, mdomo wa nyumba. Maana ya pili ni ukoo. Mantiki yake iko katika boma la mume mwenye wake wengi: kila mke ana nyumba yake, kila nyumba ina mlango wake, na waliotokea katika mlango mmoja ni watu wa mama mmoja. Vizazi vikizidi, nyumba inabomoka, mlango unaoza, lakini neno linabaki likiwashika watu. Wanueri wa Sudan Kusini, ambao lugha yao ni ndugu ya Dholuo, wana thok dwiel, na mwanaanthropolojia Evans-Pritchard katika kitabu chake cha mwaka 1940 juu yao alieleza kwamba maana yake ni mlango wa nyumba na pia ukoo. Thok na dhok ni neno moja lililotengana njiani.

Waswahili wa zamani nao waliita tawi la ukoo mlango. Watu wa mlango mmoja walikuwa ndugu. Leo mtoto wa Migori akisoma Kiswahili shuleni hafundishwi maana hiyo, anafundishwa ukoo, na akienda kanisani anaweza kukuta mlango ukitumika kwa sura ya Biblia, mlango wa tatu, aya ya kumi na sita. Hivyo maana ambayo ingemfanya aseme "kumbe ni kama kwetu" ndiyo iliyoachwa njiani. Pwani na ziwani palifika mahali pamoja kwa njia mbili. Huku mdomo ulizaa mlango, mlango ukazaa ukoo. Kule mlango ulizaa ukoo bila kupitia mdomoni.

Ukitaka kuugusa mdomo wa nyumba kwa mkono, nenda Thimlich Ohinga, kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zimepita kimo cha watu wawili, na inakadiriwa zilianza kujengwa karne ya 16. UNESCO iliziweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Watalii hupiga picha kuta. Mimi nilikaa penye lango. Ni fupi na jembamba, na juu yake yamelazwa mawe mapana yanayobeba uzito wa ukuta. Mtu mzima haingii akiwa wima. Anainama, kichwa kinatangulia, na kwa nukta moja ukuta mnene umemzunguka pande zote, giza kidogo, ubaridi wa jiwe shingoni, kisha anatokea ndani. Mwenyeji aliyenitembeza aliliita dhorangach. Rangach peke yake ni lango. Dhorangach ni mdomo wa lango. Kiswahili kikitaka kufuata kitalazimika kusema mlango wa lango, na hapo utani unaanza. Lakini ukiwa umeinama pale chini ya mawe huoni utani wowote. Unamezwa.

Turudi mtoni, maana rufaa yangu bado iko mezani. Mto ule unatoka nyanda za juu za Wagusii ukiitwa Gucha. Ukishuka na kuingia kwa Waluo unaitwa Kuja. Maji ni yale yale, jina limebadilika midomoni mwa watu kabla mto haujafika kwenye mdomo wake. Unaungana na mto Migori, kisha unaingia ziwani Nyatike, mahali ambapo mvua zikizidi huko juu vijiji vya huku chini hulala majini. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilifura kupita kiwango chochote kilichokuwa kimewahi kupimwa hadi wakati huo. Mwezi wa Mei dho wath nyingi za Homa Bay na Migori zilikuwa zimezama, vibanda vya kuanikia omena vimesimama majini hadi kiunoni. Siku hizo mlango wa mto lilikuwa jina lililostahili: ziwa lilikuwa likiingia. Mdomo hutema. Mlango hupitisha pande zote mbili, na anayeingia si lazima umwalike.

Basi mwalimu apewe mwaka ule wa mafuriko, nami nipewe miaka mingine iliyobaki.

Mwezi uliopita nilikuwa Sori, dho wath, asubuhi mitumbwi ikiingia. Mama mmoja muuza samaki alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la ngege wabichi, anapara magamba kwa kisu kilicholika. Kando yake mjukuu, msichana wa miaka kama minane, amevaa sare ya shule. Mama akamchukua ngege mmoja jike, shavu limetuna kidogo, akambana kwa kidole gumba na cha shahada. Mdomo ukafunguka. Vikamwagika vifaranga vya samaki, vingi, kila kimoja macho mawili meusi na mkia kama uzi, vikaanza kujitupatupa katika maji ya beseni.

"Dani, amekula watoto wake?" msichana akauliza.

"Hajala," bibi akasema. "Humo ndimo wanamolala. Wakiona adui wanakimbilia ndani, mama anafunga."

Msichana akainama, akachungulia katika ule mdomo uliokuwa wazi bado. Bibi akaweka ngege juu ya ubao, akaendelea kupara.